Mgeni muwekee seti, valvu muachie mwenyewe

Asalaam aleikum, habari za asubuhi manahodha, mabaharia, madaivumasta wapya na nyinyi mnaosubiri vyeti, na dada zetu pale nyuma karibuni mbele jamani nafasi zipo. Asanteni kwa kuja, maana najua leo bahari imetulia na kuna watu wameacha trip ili wakae hapa. Nitaongea jambo moja tu ila nitaliongea kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Mgeni akipanda boti, nani anamuunganishia vifaa vyake, baharia au yeye mwenyewe? Hapa kwetu Nungwi, Kendwa, Matemwe, sehemu nyingi ni baharia. Mgeni anafika anakuta mtungi umeshafungiwa BCD, lile koti la kujazwa hewa, rejuleta ya kupumulia ipo juu, hosi ya inflata ya kujazia koti imechomekwa, yeye kazi yake kuvaa wetsuti na kukaa ukingoni tumvishe, alafu moja mbili tatu huyo ameangukia nyuma. Na sio Zanzibar peke yake, ukienda Maldivi, Misri kule Bahari ya Shamu, Ufilipino, utakuta mambo hayohayo, huduma ndo sehemu ya bei. Wale wanaotoka Uingereza na nchi za baridi wao wengi wamezoea kuseti wenyewe toka siku ya kwanza ya kozi, kwahiyo wakifika hapa hawataki mtu aguse rejuleta yao, na baharia wetu ananuna, anaona kadharauliwa, au anaona tipu yake ndo imeondoka hivo.

Msimamo wangu nausema mapema msije mkasema nimezunguka. Baharia kumuwekea mgeni seti sio kosa. Kosa ni mgeni kuingia majini na seti ambayo hajaikagua kwa mikono yake mwenyewe. Na kosa kubwa zaidi, hili ndo lililonileta hapa leo, ni sisi kugusa valvu yake, kile kifungulio cha hewa cha mtungi, baada ya yeye kumaliza kukagua.

Wapo walimu wenzangu wanaosema kila daiva aseti vyake, mwisho, hakuna mjadala. Nawaheshimu lakini naona hawajakaa kwenye boti zetu wakati wa kusi. Boti ndogo, wageni kumi, mitungi imepangwa katikati, chombo kinayumba huku na huku, ukisema wote wainuke kila mtu aanze kunyanyua mtungi wa kilo kumi na kitu na kufunga mkanda, hapo ndo utapata mtungi umemwangukia mtu kwenye vidole vya mguu kabla hata ya kufika Mnemba. Na tuseme ukweli, baharia anayeunga seti kila asubuhi mwaka mzima mikono yake inajua kuliko mikono ya mtu anayezamia wiki moja kwa mwaka akiwa likizo. Wapo wageni ambao mara ya mwisho kugusa rejuleta ni mwaka juzi, ukimwacha peke yake anaiweka nyuma mbele, hosi ya kupumulia inatokea bega la kushoto badala ya kulia, anashangaa kwanini haifiki mdomoni. Na wapo wazee, wapo wenye mgongo, wapo watu wasio na mkono mmoja au wasiotembea ambao wanazamia vizuri kabisa wakishafika majini. Hawa tukiwasaidia tunafanya kazi ya maana, mtu asiwatie aibu kwa kuwasaidia.

Kwahiyo kuseti, sawa. Sasa tuje kwenye valvu.

Nyote mnajua tunavofanya asubuhi pwani. Baharia anaunga seti, anafungua mtungi, anaangalia geji ya presha, bar 200, safi, anasikiliza kama kuna o-ringi, ile pete ya mpira, inavuja, hakuna, alafu anafunga mtungi ili hewa isije ikapotea njiani kifaa kikigongwa. Vizuri, ni kazi nzuri hiyo. Lakini kumbukeni hewa iliyobaki ndani ya hosi. Mtungi umefungwa lakini hosi bado ina presha, na geji inasoma presha ya kwenye hosi, kwahiyo inaendelea kusoma 200 kama kawaida. Tunafika, nahodha anasema haraka haraka mkondo utageuka, mgeni anavaa, anatupia jicho kwenye geji, 200, anaonyesha oke, anaruka. Anavuta pumzi ya kwanza ipo, ya pili ngumu, ya tatu hakuna. Anabonyeza inflata ajaze koti aelee, koti nalo linakula hewa ileile ya mtungi uleule, hakuna kitu. Na kama amefungiwa risasi nyingi, vile vizito vya kumshusha, kama tunavopenda kuwafungia ili wasitusumbue kushuka, huyo anaenda chini. Kule Pemba ukuta unashuka moja kwa moja, hakuna mchanga wa kusimama. Mtu aliyetulia atakumbuka kuachia risasi, au kujaza koti kwa mdomo, au kumshika mwenzake achukue rejuleta ya akiba. Aliyepanikia hakumbuki hata moja.

Hiyo ndo ya mtungi kufungwa kabisa. Ipo mbaya zaidi, kwasababu hiyo ya kwanza angalau inajitokeza pale juu, watu wanamuona. Mbaya zaidi ni mtungi uliofunguliwa kidogo.

Nimeiona hii mwenyewe Mnemba, upande wa nje, na simtaji mtu wala kampuni. Dada mmoja mgeni, mzamiaji mzuri tu, ameseti vyake mwenyewe, amekagua, amefungua valvu mpaka mwisho, amevaa, amekaa ukingoni anasubiri. Kijana wetu anapita nyuma ya wageni mmoja mmoja, anapeleka mkono kwenye kila valvu kuhakikisha imefunguliwa, nia yake safi kabisa, alifundishwa hivo na aliyemtangulia. Alipofika kwa huyu dada akazungusha, mkono ulipita juu ya bega, boti inayumba, jicho lake lipo kwa nahodha. Akazungusha upande wa kufunga. Alipofika mwisho akaona aah ishafunguka hii, akairudisha robo kama desturi ya zamani. Yaani amefunga mtungi mzima alafu akafungua robo. Yule dada hakuhisi kitu. Akavuta pumzi juu ya maji, hewa inakuja vizuri. Akashuka.

Tulipofika kama mita 20 nikaona amesimama, ameshika geji yake anaikazia macho, nikasogea. Mshale ulikuwa unacheza. Akivuta pumzi mshale unaanguka karibu na sifuri, akitoa pumzi unapanda tena mpaka 180, akivuta unaanguka. Macho yake ndani ya maski yalikuwa makubwa hivi. Nilimuonyesha atulie, nikapitisha mkono nyuma, nikafungua valvu mpaka ikagonga mwisho, mshale ukatulia palepale. Tukapanda taratibu, tukakaa mita 5 dakika zetu tatu za usalama, tukatoka. Hakuumia, alhamdulillahi. Angekuwa mtu wa daivu ya tano tano hivi angekimbilia juu kafunga pumzi, na mnajua mapafu yanaweza kupasuka ukipanda umefunga pumzi.

Kwanini juu hewa ilitosha na chini haikutosha? Vijana wapya hii muishike vizuri. Mita 10 presha ni mara mbili ya juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Pumzi moja ya mita 20 inabeba hewa mara tatu ya pumzi ileile ukiwa umekaa kwenye boti. Ule upenyo wa robo unatosha kupitisha hewa ya mtu aliyekaa ukingoni anapiga stori, hautoshi kwa mtu aliye mita 20 anapiga mapezi dhidi ya mkondo. Kwahiyo valvu iliyofunguliwa kidogo inamsindikiza mgeni vizuri mpaka kwenye kina alafu inamgeuka hukohuko, mbali na wewe uliyemgusia.

Na hiyo desturi ya kufungua mpaka mwisho alafu kurudisha robo au nusu, naomba tuiache kabisa kwenye boti zetu. Ilikuwa na maana yake enzi za valvu za zamani, zilikuwa zikinata zikifunguliwa sana, na mtu akiikuta imenata hajui kama ipo wazi au imefungwa. Valvu za siku hizi hazina shida hiyo. Fungua mpaka mwisho, iache hapo. Ukifanya hivo valvu inakuwa na hali mbili tu, wazi kabisa au imefungwa kabisa, na mtu yeyote akiigusa anajua. Hiyo robo ndo inayoleta hali ya tatu, na hali ya tatu ndo iliyompata yule dada.

Msifikiri naongea tu kwasababu nimeona tukio moja. Kuna watafiti wa DAN, lile shirika la usalama wa wazamiaji, walipitia vifo 947 vya kuzamia vya kuanzia mwaka 1992 mpaka 2003, wakatafuta kila kifo kilianzia wapi. Kwenye vile vilivyojulikana chanzo chake, asilimia 41 vilianza na mtu kuishiwa hewa ya kupumua. Matatizo ya vifaa yalikuwa asilimia 15. Sisemi hao wote ni mabaharia waliogusa valvu, hapana, wengi waliishiwa kwa kutoangalia geji. Ninachosema ni kwamba hewa ndo jambo la kwanza, kabla ya papa, kabla ya mkondo, kabla ya kila kitu ambacho mgeni anakiogopa, na mlango wa hiyo hewa ni kile kinobu kidogo nyuma ya shingo yake ambacho yeye hakioni na wewe unakiona.

Sasa tufanyeje. Baharia unga seti kama mgeni anataka. Lakini umuulize kwanza, kwa mdomo, kabla hujagusa. Kiingereza hujui, Kiitaliano hujui, onyesha kwa mkono, elekeza kwenye rejuleta, elekeza kwake, elekeza kwako, ataelewa. Akisema ataseti mwenyewe, mpe nafasi, msogezee mtungi, mshikilie usianguke, basi, wala usinune. Mtu anayetaka kushika vifaa vyake mwenyewe huyo ndo mgeni ambaye hatakupa kesi.

Akikubali umuwekee, ukimaliza mkabidhi. Mkabidhi kweli, sio kumuonyesha dole gumba. Mfanye afungue valvu mwenyewe mpaka mwisho. Mfanye aweke rejuleta mdomoni, avute pumzi nne tano nzito huku macho yapo kwenye geji, mshale usitikisike. Ukitikisika hata kidogo valvu haijafunguka vizuri, na ukianguka moja kwa moja mtungi umefungwa. Mfanye apumulie na ile ya akiba. Ajaze koti kwa inflata, alitoe upepo. Aushike mtungi autikise aone mkanda umekaza, maana mkanda wa koti ukifungwa mkavu ukilowa unalegea na mtungi unateleza. Aguse risasi zake aone zinaachia vipi, maana BCD za kila kampuni vifungo vyake tofauti. Yote hayo dakika mbili. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila kwenye boti ya kuzamia jembe anapewa siku hiyohiyo ya kwanza.

Akishamaliza hapo, mkono wako usirudi kwenye valvu. Ukiwa na wasiwasi, usizungushe, mwambie tena pumua, angalia geji. Hilo jibu la mshale ni la uhakika kuliko mkono wako uliopita juu ya bega la mtu kwenye chombo kinachoyumba. Na ikibidi kabisa uguse, labda umesikia kuna kitu kinavuja, sema kwa sauti nafungua au nafunga, daivumasta asikie, mgeni asikie, na baada ya hapo mgeni apumue tena mara nne tano akiangalia geji kama ndo anaanza upya. Kugusa kimyakimya ndo nisikokutaka.

Kuna hii pia ya daivu ya pili, wengi mnajua nazungumzia nini. Tumetoka daivu ya kwanza, wageni wanakula mananasi na chapati, sisi tunabadilisha mitungi. Mtungi uliotumika na uliojaa vinafanana, vyote vya alumini, vyote vyeupe. Kama hamna utaratibu wa kuweka kifuniko au teipu juu ya valvu ya mtungi uliojaa, na kukitoa kikitumika kisirudi tena, siku moja mtu atapewa mtungi wa bar 60 kwa daivu ya mita 18. Ataona kwenye geji, ndio, kama ataangalia, na yule aliyezoea kuhudumiwa kila kitu ndo haangalii. Hii ndo inayonitia wasiwasi kuhusu huduma iliyozidi, mgeni anajifunza kutoangalia. Anakaa na sisi wiki, anaondoka hajui hata rejuleta yake inaungwaje, mwakani anaenda kuzamia sehemu ambayo hakuna wa kumuwekea.

Kwenye nitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, ndo sina huruma kabisa. Baharia anaweza kubeba mtungi wa nitroksi, anaweza kuufunga kwenye koti, lakini kupima asilimia ya oksijeni ni mgeni mwenyewe, kwa kipimo alichokishika yeye, aandike mwenyewe kwenye teipu na kina chake cha mwisho, asaini kitabu. Asilimia 32 mwisho wake ni kama mita 33, asilimia 36 hata 29 hufiki. Mtu akipewa 36 akidhani ni hewa ya kawaida akashuka nayo mita 40, oksijeni inaweza kumpiga kifafa humohumo majini, na rejuleta ikitoka mdomoni kwa mtu mwenye kifafa hiyo basi tena. Mgeni akikwambia nipimie wewe nakuamini, mjibu kwa heshima, ndugu yangu, imani yako naipokea lakini kipimo hiki hapa.

Nina neno na wenye madaivusenta na manahodha, na hili nalisema bila kumung'unya. Likitokea la kutokea, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yule kijana asiye na cheti aliyeunga seti. Mgeni alisaini karatasi, instrakta ana bima, mwenye kampuni ana wakili. Kijana ana nini? Wengi wao hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaeleza valvu inafanyaje kazi, wamejifunza kwa kutazama, aliyewatangulia naye alijifunza kwa kutazama, na ile robo ikarithishwa hivohivo. Kama mnawapa kazi hii kila asubuhi, wafundisheni, tena walipeni siku ya mafunzo kama siku ya kazi. Waingizeni majini wapumulie mtungi uliofunguliwa robo, kwenye kina kifupi wakiwa na mwalimu pembeni, waone mshale unavocheza. Mtu akishaona ule mshale kwa macho yake hahitaji tena hotuba yangu.

Nahodha, na wewe. Najua mkondo hausubiri, najua kule Mafia mlango wa Kinasi unaingia kwa kufuata maji, ukichelewa umechelewa. Lakini haraka ya nahodha ndo inayompeleka baharia kupita nyuma ya wageni anazungusha valvu haraka haraka. Ukiona zile dakika mbili za kukagua hazipo, zungusha boti, toka kwenye mawimbi, waache wakague kwenye maji tulivu alafu urudi. Maji yakipita kabisa, tutapata sehemu nyingine ya kuzamia, Mnemba haikimbii.

Na madaivumasta, nyinyi ndo mnaosikilizwa. Mkimuona mgeni anapokea seti bila kugusa kitu, msimchekee tu kwasababu amelipa vizuri. Mkae naye, mwambie kwa upole kaka, au dada, au mama kama ni mtu mzima, hebu tukague pamoja, mimi naanza na yako wewe malizia na yangu. Wengi wanafurahi. Wachache wanakasirika, wanasema wana daivu mia tatu, sawa, mwenye daivu mia tatu atamaliza kukagua kwa sekunde arobaini, haitamuumiza.

Haya nimeongea vya kutosha. Pale kwenye boti mmeona seti kumi na mbili, zimeungwa asubuhi na wenzenu, na nne kati ya hizo tumeziharibu makusudi, siwaambii ni zipi wala zina nini. Kila mtu achukue seti ambayo hakuiunga yeye, akae nayo, apumue, aangalie geji, akiona tatizo anyooshe mkono asiirekebishe kwanza mpaka wote tuje kuangalia. Nahodha shusha ngazi, tuanze.